Sura ya 6: Usikivu wa Askari Wastaafu na Namna ya Kupata Msaada

Kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa ya kazi ya jeshi, na pia ni miongoni mwa yale yanayosahaulika upesi. Risasi iliyopita mguuni huacha kovu ambalo daktari, mke na mjukuu wanaliona. Sikio lililoumizwa na mzinga halionyeshi kitu kwa nje, na mwenye nalo huweza kuishi miaka 40 bila mtu yeyote kuliita jeraha. Nchini Marekani, ambako serikali huorodhesha ulemavu wa askari wake wa zamani na kuulipia fidia, mlio wa masikioni ndio unaoongoza orodha hiyo, na upungufu wa usikivu ni miongoni mwa yanayolipiwa zaidi. Zaidi ya watu milioni 2 wanalipwa kwa ajili ya mlio wa masikioni peke yake.

Nchini Tanzania, kizazi kikubwa kuliko vyote cha watu walioshika silaha vitani ni kile cha Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Kijana aliyekwenda huko akiwa na miaka 20 sasa amevuka 65. Katika mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, wazee wa rika hilo ni wakulima wa mpunga, mahindi na tumbaku, ni walinzi, ni wajumbe wa mabaraza ya wazee. Wanapoanza kutosikia, jamaa husema ni uzee. Uzee una sehemu yake, lakini kwa mtu aliyekaa karibu na mizinga hauwezi kuwa maelezo pekee, na kuuchukulia hivyo kumewafanya wengi wasifike hospitali kabisa.

Sauti inavyoumiza sikio

Sauti huingia kwa tundu la sikio, ikatikisa kiwambo, kisha mtikisiko ukapitishwa na vifupa vitatu vidogo hadi sikio la ndani. Humo mna mfereji uliojiviringa kama konokono, uitwao koklea, uliojaa majimaji na uliotandazwa seli zenye vinyweleo zipatazo 15,000 kwa kila sikio. Seli hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa ujumbe wa kwenda kwenye ubongo. Mtu huzaliwa nazo zote. Inayokufa haioti tena.

Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida huwa karibu na desibeli 60. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kuwa mtu anaweza kukaa saa 8 kwa siku kwenye kelele ya desibeli 85, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda huo hukatwa nusu: kwa desibeli 88 ni saa 4, kwa 91 ni saa 2, na kwa 100 ni dakika 15 tu. Mlipuko hauendi kwa hesabu hiyo. Sauti ya ghafla inayozidi desibeli 140 inaweza kuharibu seli za koklea papo hapo. Bunduki ya SMG hupita desibeli 150 kwenye sikio la mfyatuaji, na mizinga mikubwa hupita 170.

Madhara huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya taratibu: kila baada ya mazoezi ya shabaha masikio huziba na kuvuma, kesho yake yanafunguka, na askari anadhani yamepona. Kwa kweli kila mara seli chache huwa zimekufa. Ya pili ni ya ghafla: wimbi la mgandamizo kutoka kwenye kombora huchana kiwambo, huweza kutengua vifupa, na hung'oa seli za ndani kwa mpigo mmoja.

Kwa askari wa bunduki anayetumia mkono wa kulia, sikio la kushoto huumia zaidi, kwa sababu ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki wakati la kulia limekingwa na kichwa. Daktari anayekuta tofauti hiyo kati ya masikio mawili ana sababu ya kumuuliza mgonjwa habari za jeshi hata kama mwenyewe hakuzitaja.

Vita vya Kagera na operesheni za baadaye

Majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivamia na kuteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ, lilikuwa na askari wapatao 40,000. Katika miezi michache idadi ilipanda hadi zaidi ya 150,000, wakiwamo mgambo wapatao 40,000 waliokusanywa kutoka mikoani. Wengi walikuwa vijana wa vijijini waliopata mafunzo ya muda mfupi, na waliingia vitani bila kinga yoyote ya masikio.

Vita hivyo vilipiganwa kwa mizinga kuliko kitu kingine. Majeshi ya Tanzania yalitanguliza makombora kabla ya askari wa miguu: Mutukula mwezi Januari 1979, Masaka mwezi Februari, Entebbe na Kampala mwezi Aprili. Makombora ya katyusha, ambayo raia wa Uganda waliyaita Saba Saba, yalirushwa mfululizo kutoka kwenye mitambo iliyobebwa na malori. Waliokuwa karibu na mitambo hiyo walisikia kila mrusho. Huko Lukaya, tarehe 10 Machi 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, ilipigwa katyusha na majeshi ya Libya yaliyokuja kumsaidia Amin. Makombora mengi yalipita juu bila kuua, lakini vishindo vyake viliwatawanya watu ambao hawakuwahi kusikia kitu cha namna hiyo. Kombora lisiloua huweza bado kuumiza sikio, na aliyeumia hivyo hakuandikwa miongoni mwa majeruhi.

Vita vilipokwisha Juni 1979, askari wa kudumu waliendelea na utumishi na baadaye wakastaafu kwa utaratibu. Mgambo walirudishwa kwao kulima. Tofauti hiyo ina uzito hadi leo, kwa sababu mwenye faili la utumishi ana pa kuanzia anapodai kuwa usikivu wake uliharibika kazini, na asiye nalo huanza na maneno yake tu.

Wapo pia wastaafu wa umri mdogo zaidi. JWTZ lilipeleka vikosi Msumbiji katika miaka ya 1980, Anjouan nchini Komoro mwezi Machi 2008, Darfur, na tangu mwaka 2013 mashariki ya Kongo katika Brigedi ya Kuingilia Kati ya Umoja wa Mataifa, ambako mizinga ilitumika dhidi ya waasi wa M23 karibu na Goma. Askari aliyetoka huko akiwa na miaka 35 anaweza kuwa na masikio ya mtu wa 60, na kwake hakuna wa kusingizia uzee.

Yanayoongezea madhara baada ya jeshi

Sikio lililokwisha kupoteza sehemu ya seli zake halina akiba ya kutosha kwa kelele nyingine, na Katavi ina kelele zake. Wastaafu wengi huingia kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu katika maeneo ya Mpanda na Nsimbo, ambako baruti hulipuliwa shimoni na karasha husaga mawe kutwa nzima. Wengine huendesha mashine za kukoboa mpunga huko Mpimbwe, au hulala karibu na jenereta wanazozilinda. Kati ya mzinga wa miaka ya nyuma na karasha la leo, ni vigumu kusema kipi kiliharibu zaidi. La muhimu ni kuzuia hiki ambacho bado kinaweza kuzuilika.

Dawa nazo huchangia. Kwinini, iliyotumika kwa miongo mingi kutibu malaria, husababisha masikio kuvuma, na kwa kawaida hali hiyo huisha dozi inapokwisha. Sindano za jamii ya streptomaisini, kanamaisini na jentamaisini zinaweza kuua seli za koklea moja kwa moja. Mstaafu aliyewahi kutibiwa kifua kikuu kwa sindano, au aliyewahi kuchomwa jentamaisini kwa siku nyingi, anapaswa kumweleza daktari. Shinikizo la damu na kisukari visivyodhibitiwa hudhoofisha mishipa midogo inayolisha sikio la ndani. Zaidi ya hayo yapo magonjwa ya kawaida, kama usaha wa muda mrefu na nta iliyoziba, ambayo hutibika na ambayo mara nyingi hujificha nyuma ya jeraha la zamani.

Dalili

Upungufu unaotokana na milio ya silaha huanzia kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde. Ndiyo maana mgonjwa husema, "Nasikia, ila sielewi." Irabu zina sauti nene na zinafika, konsonanti kama f, s, sh, p na t hupotea. Mtu anaambiwa "fika" akasikia "shika" au "pika". Sauti za watoto na wanawake humpita zaidi kuliko za wanaume. Chumbani na mtu mmoja anaongea vizuri. Msibani, kwenye mkutano wa kijiji au stendi ya Mpanda hawezi kufuata mazungumzo.

Dalili ya pili ni mlio wa masikioni: kengele, nyenje, filimbi au mvumo usiotoka nje. Huwa mkali usiku kukiwa kimya na huharibu usingizi. Kwa waliopitia vita, mlio huo huweza kuamsha kumbukumbu mbaya, na hofu nayo huufanya uonekane mkubwa zaidi. Wengine hupata kizunguzungu, au huumizwa na sauti ambazo kwa watu wengine ni za kawaida.

Dalili nyingine huonekana na jamaa kabla ya mwenyewe: redio iliyofunguliwa kupita kiasi, kujibu lisiloulizwa, kukasirika, kuacha kwenda kwenye vikao. Mzee aliyekuwa msemaji wa ukoo anakaa pembeni, na watu wanasema amekuwa mkali au ameanza kusahau. Watafiti wa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wanautaja upungufu wa usikivu usiotibiwa kuwa miongoni mwa vihatarishi vikubwa vinavyoweza kuepukwa. Kumsaidia mzee asikie ni kumlinda akili pia.

Kupimwa

Safari ya kupimwa huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapo mhudumu huangalia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. Nta iliyoziba huondolewa, usaha hutibiwa, na tundu kwenye kiwambo huonekana. Kipimo chepesi kinachoweza kufanyika popote ni cha kunong'ona: mpimaji anasimama nyuma ya mgonjwa umbali wa mkono mmoja, sikio moja likiwa limezibwa, ananong'ona tarakimu na herufi, na mgonjwa anarudia. Shirika la Afya Duniani lina programu ya simu iitwayo hearWHO, ambayo humpa mtu picha ya awali ya usikivu wake kwa kutumia spika za masikioni.

Kipimo kamili hufanywa kwa mashine, katika chumba kimya. Mgonjwa husikilizishwa milio ya unene mbalimbali, na matokeo huchorwa kwenye grafu. Kwa mujibu wa viwango vya Shirika la Afya Duniani, anayesikia sauti iliyo chini ya desibeli 20 ana usikivu wa kawaida; kati ya 20 na 35 upungufu ni mdogo; kati ya 35 na 50 ni wa wastani; kati ya 50 na 65 ni wa wastani unaoelekea mkubwa; kuanzia 65 ni mkubwa; na kuanzia 80 ni mkubwa sana. Jeraha la silaha huacha alama yake kwenye grafu: mstari huporomoka karibu na mitetemo 4,000 kisha hupanda kidogo. Uzee peke yake huuteremsha mstari moja kwa moja bila kupanda tena. Miaka inavyosonga alama hiyo hufifia, kwa hiyo kipimo kilichofanyika mapema kina thamani kubwa kama ushahidi.

Mkaazi wa Karema, Inyonga au Majimoto hupewa rufaa kwenda hospitali ya halmashauri yake, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi mjini Mpanda. Anayehitaji upasuaji au uchunguzi wa kina zaidi huelekezwa hospitali kubwa zenye idara ya masikio, pua na koo: ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 500 kwa barabara kupitia Sumbawanga, Bugando jijini Mwanza, KCMC mjini Moshi, au Muhimbili jijini Dar es Salaam. Jeshi nalo lina hospitali zake, kuu ikiwa Lugalo, Dar es Salaam. Kwa umbali huo ni busara kuuliza kwanza kwa simu kama daktari wa masikio na mashine vipo siku hiyo, kubeba barua ya rufaa na majibu yote ya awali, na kufuatilia kambi za madaktari bingwa wanaotembelea mikoani.

Hali moja haipaswi kusubiri kambi wala mavuno. Mtu anayepoteza usikivu ghafla, kwa saa au siku chache, iwe baada ya mlipuko au bila sababu inayojulikana, anahitaji daktari mara moja. Dawa za jamii ya steroidi zina nafasi kubwa ya kusaidia katika siku za mwanzo. Baada ya wiki kadhaa nafasi hiyo huwa ndogo sana.

Tiba na shimesikio

Kiwambo kilichochanika hivi karibuni mara nyingi hujiziba chenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu, ilimradi maji yasiingie na kisitiwe mafuta, majani wala unyoya. Kilichokaa wazi miaka mingi kinaweza kuzibwa kwa upasuaji. Mstaafu ambaye sikio lake limekuwa likitoa usaha wenye harufu tangu vitani anapaswa kuonwa na bingwa, kwa kuwa huenda ngozi imeota ndani ya sikio na inakula mfupa.

Seli za koklea zilizokufa hazina dawa, na yeyote anayeuza tone au kidonge cha kuzirudisha anauza uongo. Msaada uliopo ni shimesikio, kifaa kidogo kinachokuza sauti kulingana na grafu ya mgonjwa. Kifaa kisichorekebishwa kwa grafu, kinachouzwa dukani kwa bei nafuu, hukuza kila kitu sawasawa. Kinamletea mzee kelele badala ya maneno, naye hukiweka kabatini.

Shimesikio huhitaji mazoea. Kwa wiki za kwanza huvaliwa saa chache nyumbani, kisha muda huongezwa taratibu mpaka ubongo uzoee sauti ambazo haukuzisikia kwa miaka. Betri za kawaida hudumu siku chache hadi wiki mbili, na hilo ni jambo la kufikiria mapema kwa anayeishi mbali na mji: anunue akiba, au aombe kifaa cha kuchaji, ambacho umeme wa jua wa nyumbani unaweza kukihudumia. Jasho na vumbi vya kiangazi hukiharibu, hivyo kifutwe kila jioni na kihifadhiwe pakavu.

Kwa wachache ambao hata kifaa chenye nguvu hakiwafai, upo upasuaji wa kupandikiza kifaa ndani ya koklea, ambao Muhimbili ilianza kuufanya mwaka 2017. Gharama yake ni kubwa, na aliyekaa kiziwi kwa miongo mingi huwa hafaidiki sawa na aliyepoteza usikivu hivi karibuni.

Mlio wa masikioni haukomeshwi kwa dawa, lakini hupunguzwa makali. Shimesikio lenyewe huufunika kwa wengi. Usiku, redio ya sauti ya chini au feni huondoa ukimya unaoukuza. Ushauri wa kitaalamu humsaidia mtu aache kuuogopa, na kwa mwenye ndoto za vita au hofu ya ghafla ushauri huo ni sehemu ya lazima ya tiba.

Gharama, nyaraka na stahiki

Sera ya afya ya Tanzania inawapa msamaha wa gharama wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, wanaotambuliwa kupitia serikali ya mtaa au kijiji na ustawi wa jamii. Wengi wa wapiganaji wa Kagera wanaingia humo kwa umri. Kwa mwenye bima, swali la kuulizwa mapema ni kama inalipia shimesikio au matibabu tu, kwani kifaa ndicho gharama kubwa.

Anayetaka jeraha lake litambuliwe kuwa la kazini huanza kwa kukusanya nyaraka: hati ya kuachishwa au kustaafu, namba ya jeshi, kitambulisho cha pensheni, na cheti chochote cha hospitali ya kambi. Kisha grafu ya usikivu na maelezo ya daktari yanayotaja historia ya silaha na upande ulioumia zaidi. Aliyekuwa mgambo na hana hati aandikishe maelezo ya wenzake waliokuwa naye kikosi kimoja wakati bado wapo hai. Ofisi ya Mshauri wa Mgambo ya wilaya ndiyo mlango wa karibu wa jeshi kwa mtu wa Katavi, na Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, MUWAWATA, hubeba hoja za wanachama kwa sauti ya pamoja.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haibagui chanzo cha ulemavu. Mstaafu asiyesikia vizuri ana haki ya kuandikishwa kwa ofisa ustawi wa jamii, na kikundi chake kinaweza kuomba mkopo wa halmashauri, ambamo watu wenye ulemavu wametengewa asilimia 2 kati ya 10 za mapato ya ndani. Anayefanya kazi ya kuajiriwa mgodini au kwenye ulinzi, na usikivu wake ukazidi kuharibika huko, anaweza kudai kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Mawasiliano nyumbani

Kifaa bora hakitoshi kama familia haibadili namna ya kuongea. Anayezungumza na mzee amkaribie, asimame mbele yake penye mwanga, amgonge begani kwa upole kabla ya kuanza, na aongee kwa mwendo wa wastani. Kupiga kelele huvuruga maneno na humvunjia mzee heshima. Asipoelewa, sentensi isemwe kwa maneno mengine. Redio izimwe wakati wa mazungumzo. Kwenye kikao akae mbele, upande wa sikio lililo zima, na mwenyekiti arudie maswali yanayotoka nyuma. Ujumbe wa simu humfaa kuliko simu ya kuongea. Hospitalini maelezo ya dawa yaandikwe, kwa sababu dozi iliyosikika vibaya ni hatari. Kwa waliopoteza usikivu wote, Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kina ujuzi wa Lugha ya Alama, ambayo mzee na wajukuu wanaweza kujifunza pamoja.

Kinga kwa waliobaki kazini

Vizibo vya sponji vikivaliwa sawasawa hupunguza desibeli 20 au zaidi, na vikiongezewa kofia za masikio hutoa kinga inayofaa kwa mizinga. Ubora wake ni suala la kufuatiliwa: mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa takribani dola bilioni 6 kumaliza madai ya askari wa Marekani waliosema vizibo vya kampuni hiyo havikuwakinga. Kwenye uwanja wa shabaha hakuna sababu ya kufyatua bila kinga. Askari apimwe anapoandikishwa, kila anaporudi kutoka operesheni, na anapostaafu, na nakala ya vipimo hivyo iwe mkononi mwake. Hatua hiyo ya mwisho haihitaji gharama kubwa, na inaondoa tatizo linalowasumbua zaidi wazee wa Kagera: kutakiwa kuthibitisha leo jeraha ambalo hakuna aliyelipima siku lilipotokea.